Nyota nne kwa mshauri aliyetuandikia sera za wafanyakazi

Sisi tuna bekari Tabata, Dar es Salaam, watu 17 wa kudumu ukiacha vibarua, na tangu tuanze hatukuwa na sera yoyote ya maandishi, mtu akiwa na shida anakuja kwangu au kwa mke wangu tunaongea yanaisha. Mwaka jana tukaona tumekua, nikanunua sampuli mtandaoni kwa elfu 40, nikabadilisha jina la kampuni nikaprinti nikabandika ukutani. Simshauri mtu yeyote afanye hivyo.

Wiki ya tatu tu kijana wetu wa oveni akafiwa na mama yake mdogo huko Muleba, Kagera, na huyo mama ndo alimlea toka ana miaka miwili. Karatasi inasema likizo ya msiba siku 4, tena ni kwa mwenza, mtoto, mzazi, babu na bibi, mjukuu na ndugu wa kuzaliwa, alafu cheti cha kifo kiletwe kabla ya kuondoka. Jamani cheti cha RITA, wale wa serikali wanaosajili vifo, utakipata wapi usiku huo huo wa taarifa, na basi la kwenda kule linakula siku nzima na zaidi! Msimamizi wa zamu akafuata karatasi ilivyo akamkatalia, kijana akapoteza siku nzima anabembeleza ruhusa, mwisho akaondoka bila ruhusa akakuta wameshazika. Iliniuma na inaniuma mpaka leo naandika hapa maana ile karatasi niliibandika mimi.

Ndo nikaunganishwa na huyu mshauri, dada mmoja aliyekuwa afisa rasilimali watu, saivi anafanya mwenyewe. Laki 7 kazi nzima, nusu unatanguliza. Kilichofanya nimuamini ni kwamba alikuja saa tano usiku wakati watu wanakanda, akakaa mpaka alfajiri anaongea na mmoja mmoja, mimi akaniambia niende nyumbani.

Alitueleza kwamba zile siku 4 ni kiwango cha chini cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri hakatazwi kuongeza, na kweli sheria haimtaji mama mdogo wala shangazi. Akatuuliza, hapa kwenu mzazi ni nani? Tukakaa kimya kidogo. Basi akaandika "mzazi au aliyekulea", siku za njiani zinahesabiwa pembeni kwa wanaosafiri mbali, mtu anapiga simu anaondoka, uthibitisho analeta akirudi na barua ya mwenyekiti wa kijiji inatosha kabisa. Mistari minne tu lakini wafanyakazi waliposomewa kuna waliolia.

Kwenye kunyonyesha napo alitufumbua macho. Sheria inampa mama mpaka masaa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi, sisi tulikuwa tunatoa na tukajiona tuko vizuri, yeye akauliza anakamulia wapi? Kumbe dada yetu wa kupaki mikate alikuwa anakamulia chooni, miezi yote hiyo na mimi sijui. Tumempa kona ya stoo ya vifungashio, kiti, pazia, komeo la ndani, na kwenye friji ya siagi kuna shelfu lake. Haikufika hata laki moja.

Likizo ya mwaka siku 28 na nyongeza ya asilimia 5 ya usiku tulikuwa tunalipa, huko hakugusa sana.

Nyota moja nimeipunguza kwa mambo mawili. Nakala ya kwanza ilikuja kwa Kiingereza, ya Kiswahili tukaisubiri wiki 3, wakati watakaoisoma ni watu wa zamu sio mawakili. La pili ndo kubwa, vibarua hawamo, anasema mikataba yao ni ya aina nyingine, lakini mtu anakuja kila wikiendi huu mwaka wa pili, na yeye anaumwa na yeye anafiwa. Nimemwambia aongeze ukurasa wao, amekubali, bado nasubiri. Kwaiyo ukimchukua mtajie vibarua siku ya kwanza kabla hujatoa hela.

Kijana wa oveni bado tuko naye. Mwezi wa nne alipewa siku 8 zenye malipo akaenda kujengea kaburi la mama yake.