Dishi, mvua ya ziwani na maji ndani ya waya

Nyumba yetu hapa Bukoba iko kilimani, ziwa tunaliona hadi Kisiwa cha Musira. Dishi nalo linatazama hukohuko mashariki, maana setilaiti yetu imekaa juu ya Bahari ya Hindi. Mvua za hapa nyingi hutoka ziwani, kwa hiyo picha hukatika kabla tone la kwanza halijagonga bati. Musira kikishamezwa na wingu, mama watoto huniambia, "Baba Neema, malizia kuangalia haraka," na kweli hazipiti dakika tano.

Mwaka wa sita huu nalipia kifurushi kila mwezi. Kilichonifanya nianze kufuatilia jambo hili ni mechi ya Taifa Stars na Zambia, AFCON ya Ivory Coast, tarehe 21 Januari 2024. Msuva alikuwa ametufungia tangu dakika ya 11, Zambia wamebaki kumi uwanjani, sebule imejaa majirani, watoto wako chini kwenye mkeka. Dakika chache kabla ya mpira kuisha, mvua ikashuka. Picha ikaanza kugandaganda, ikavunjika vibokisivibokisi, kisha kioo kikawa cheusi. Hakuna mawimbi. Shemeji akakimbilia redio ya betri. Bao la Daka wa Zambia la dakika ya 88 nililisikia, sikuliona.

Mvua ile ilikata kabla hatujalala. Picha ilirudi kesho yake saa sita mchana, jua likiwa kali. Nilipopiga simu huduma kwa wateja nikajibiwa kama siku zote: ni hali ya hewa. Jibu hilo nimepewa miaka yote, na nilikuwa nalikubali. Safari hii halikuniingia akilini. Hali ya hewa gani hiyo, wakati mbingu ni nyeupe tangu alfajiri?

Masika ile nikawa naandika kwenye kalenda ya ukutani: mvua imeanza saa ngapi, imekata saa ngapi, picha imerudi saa ngapi. Kufika Mei nikaona nina matatizo mawili, siyo moja. Siku nyingine picha ilirudi dakika kumi au ishirini baada ya wingu kupita. Siku nyingine ilikaa nusu siku, mpaka jua liwake.

Lile la kwanza ni la mvua yenyewe, na hakuna fundi wa kulimaliza. Madishi haya madogo ya majumbani hupokea mawimbi ya bendi ya Ku, ambayo urefu wa wimbi lake ni kama sentimita mbili na nusu. Kwa wimbi fupi hivyo, tone kubwa la mvua si kitu kidogo: linameza nguvu yake na kuitawanya. Mawimbi yametoka karibu kilomita 36,000 angani bila shida, halafu yanakuja kupotelea kwenye kilomita nne au tano za mwisho, ndani ya wingu lililo mbele ya macho yangu. Na hizi televisheni za dijitali hazina katikati. Zamani za analojia, mawimbi yakipungua unapata chenga, lakini mtu unamwona na sauti unaisikia. Sasa yakishuka chini ya kiwango, unakosa vyote kwa mpigo.

La pili ndilo lililonikera, kwa sababu halikuwa la Mungu. Nilimwita kijana mmoja fundi wa mtaani, akapanda ngazi, akafungua konekta inayoingia kwenye LNB, ile kichwa ya mbele ya dishi. Waya wa shaba wa katikati ulikuwa umegeuka kijani. Alipouinamisha, matone matatu ya maji yakadondoka mkononi mwake. "Mzee, hapa walikufungia bila hata tepu," akaniambia. Mvua ilikuwa inaingia humo, na picha ilisubiri mpaka jua liukaushe waya.

Akaweka konekta mpya, akaziviringishia tepu ya mpira, akauacha waya ulegee chini kidogo kabla ya kuingia ndani ili maji yadondokee hapo. Kisha akalisogeza dishi taratibu, mimi niko sebuleni namsomea namba. Ubora wa mawimbi ulikuwa 58 mchana wa jua. Ukapanda mpaka 81. Hiyo tofauti ndiyo niliyokuwa nailipia bila kuipata. Ukianza na 58, manyunyu tu yanakuangusha. Ukianza na 81, mvua ya kawaida inapita na picha yako imesimama, mpaka ije ile ya ngurumo. Kwa hiyo siku fundi anakufungia, usikubali ashuke ngazi kwa sababu tu picha imetokea. Mwambie akuonyeshe namba.

Jirani yangu anatumia king'amuzi cha antena. Mawimbi ya antena yana urefu wa nusu mita hivi, mvua hayaisikii kabisa, na usiku wa mechi ile bao la Daka aliliona vizuri tu. Tabu yake ni upepo ukigeuza mlingoti, na chaneli zake ni chache kuliko zangu. Yule mwenye dishi kubwa la futi nane, la bendi C yenye mawimbi marefu kuliko ya Ku, naye mvua humsumbua kidogo sana, ila ule mzigo wa chuma unataka uwanja, na zege chini.

Simu nimeijaribu pia. Mvua haiuzuii sana mtandao, lakini umeme ukikatika muda mrefu mnara wetu nao huzimika, na bando kwa mechi nzima ni hasara. Redio haijawahi kuniangusha.

Radi ikianza, mimi huchomoa plagi ya umeme na waya wa dishi pia, wa nyuma ya king'amuzi. Wengi huchomoa plagi peke yake. King'amuzi cha jirani wa chini kiliungua kwa njia hiyo hiyo ya waya wa nje.

Dishi sijalitoa, na silitoi, maana chaneli ninazozitaka ziko huko. Nimenunua na antena ndogo ya taarifa ya habari. Ila kampuni bado nawadai jambo moja: mteja akipiga simu jua linawaka, wamtumie mtu akafungue konekta, wasimwambie ni mvua. Juzi ngurumo ilitoka ziwani saa kumi na moja alfajiri, namba ikaanguka mpaka 30, picha ikaondoka. Saa kumi na moja na robo ilikuwa imesharudi, na bati bado linachuruzika.