Blenda Ikikata Moto: Ya Kutengeneza na ya Kuacha

Blenda ya kawaida ya meza, yenye mota ya wati 300 hadi 500, jagi la lita moja na nusu na kikombe kidogo cha kusagia viungo, hutupwa mapema kuliko inavyostahili. Ikinyamaza siku moja, au ikilia bila kusaga, mwenye nayo huamini mota imeungua na kwenda kununua nyingine. Kumbe mara nyingi mota ni nzima. Kilichokufa ni kipande cha mpira, au vijiti viwili vya kaboni visivyozidi ncha ya kidole, au waya uliokatika pale unapokunjwa kila siku. Kwa upande wa kutengenezeka, chombo hiki tunakipa alama za juu, kuliko birika la umeme na kuliko maikrowevu. Ila kina kiungo kimoja ndani ya mota ambacho kikifa hakuna haja ya kuhangaika nacho. Kwa hiyo jua kwanza kilichokufa, ndipo uulize bei.

Chomoa plagi kabla ya kugusa chochote. Kisha sikiliza ugonjwa wenyewe, maana blenda hufa kwa namna chache tu.

Namna ya kwanza: mota inalia, tena kwa kasi kuliko kawaida, lakini visu vimesimama au vinazunguka kwa kusuasua. Hapo mtuhumiwa ni kapulingi, kile kigurudumu chenye meno kinachokaa juu ya mota na kuingia chini ya jagi. Angalia kama meno yameliwa yakawa mviringo, na kama kuna unga mweusi wa mpira au plastiki umetapakaa kwenye kikalio. Lakini usikimbilie kununua kapulingi. Geuza jagi juu chini na uzungushe kwa kidole kapulingi ya upande wa visu. Inatakiwa izunguke kwa ulaini, ikiwa na ukinzani kidogo, bila kukwaruza wala kuchezacheza. Ikiwa ngumu, basi ugonjwa ulianzia huko: beringi ya visu imeshika kutu, mota ikalazimisha, na sehemu dhaifu kuliko zote ikakubali kuliwa. Ndivyo kapulingi ilivyokusudiwa, ife yenye bei ndogo ili mota ipone. Ukiweka mpya juu ya visu vilivyokwama, nayo italiwa vilevile. Badilisha seti nzima ya visu kwanza, au vyote kwa pamoja. Na kapulingi zenyewe, ya juu na ya chini, zibadilishwe kama jozi, kwa sababu meno yaliyolika ya upande mmoja hula meno mapya ya upande wa pili.

Kuifungua ndipo wengi wanapoharibu. Kapulingi nyingi zina hesi za kinyume: hufunguka kwa kugeuza upande wa mwendo wa saa, si kinyume chake kama skrubu tulizozoea. Sababu ni kwamba hesi hupangwa ili mzunguko wa mota uzidi kuikaza badala ya kuilegeza. Ukiifungua kwa mazoea unaikaza, ukiongeza nguvu unavunja plastiki na kubakiza shina la chuma limejaa hesi zilizojikata. Tafuta mshale uliochorwa juu yake. Kama haupo, jaribu kwanza upande wa mwendo wa saa. Na ili ifunguke, ekseli ya mota, yaani mhimili wake unaozunguka, lazima ishikwe isizunguke. Fungua kitako cha blenda, na baadhi ya mota utakuta ncha ya chini ya ekseli ina mfereji wa kuingiza bisibisi bapa. Isipokuwepo, shika ekseli kwa koleo lililofungwa kitambaa. Usishike feni ya plastiki, huvunjika. Dukani nenda na ile ya zamani mkononi: meno yahesabiwe, upana upimwe, hesi zijaribiwe. Jina la blenda peke yake halitoshi, maana kampuni ileile hubadilisha kapulingi kutoka toleo hadi toleo.

Namna ya pili ni kimya kabisa. Blenda nyingi zina swichi ndogo ya usalama inayobonyezwa na jagi likikaa sawasawa. Uchafu ulioganda kwenye kikalio, au kijino cha plastiki kilichovunjika chini ya jagi, hutosha kuifanya mashine nzima ionekane maiti. Safisha, kalisha jagi upya, jaribu. Kama ilizimika yenyewe katikati ya kazi nzito, tazama chini kama kuna kitufe cha kurudisha umeme, na uiache ipoe nusu saa hadi dakika 45 kabla ya kukibonyeza. Nyingine hazina kitufe, hujirudisha zenyewe zikishapoa.

Ikikataa bado, chukua multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi. Weka swichi ya blenda kwenye kasi ya juu kabisa, jagi likiwa mahali pake, kisha pima ukinzani, kwa omu, kati ya pini mbili za plagi za kupitisha umeme. Mota nzima ya ukubwa huu husoma makumi ya omu. Usomaji usio na mwisho maana yake njia ya umeme imekatika mahali, na sasa ni kufuata njia: waya, swichi, fyuzi ya joto, kaboni, koili. Anza na waya pale unapoingia kwenye kitako, kwa sababu ndipo unapokunjwa na kuvutwa. Ukiuchezesha huku mita imeunganishwa na namba ikaruka, umempata mwizi. Kukata sentimita kumi na kuunga upya ndani ya kitako ni kazi ya robo saa.

Fyuzi ya joto inahitaji neno lake. Ni kidonge kidogo chenye nyaya mbili, hufichwa ndani ya kitambaa au soksi nyeupe inayogusa koili, na kimeandikwa nyuzijoto zake, kwa mfano 130. Hukatika mara moja tu, hakirudi. Baadhi ya mafundi hukiruka, wanaunga nyaya moja kwa moja, na blenda inaondoka ikinguruma vizuri. Hiyo si matengenezo. Siku mzigo ukizidi hakuna kitakachokata umeme, koili itaendelea kupata moto hadi iungue, na jirani yake ni plastiki. Dai kiwekwe kipya chenye nyuzijoto zilezile. Kuna kosa jingine hapa hata kwa fundi mwaminifu: akikichomea kwa risasi bila tahadhari, joto la pasi yake hukikata kidonge kipya kabla hakijafanya kazi hata dakika moja. Nyaya zake zishikwe kwa koleo kati ya kidonge na sehemu inayochomewa, ili koleo linywe joto. Au ziunganishwe kwa kubanwa ndani ya vijibomba vya chuma bila kuchomea kabisa.

Namna ya tatu ni cheche na nguvu kupungua. Mota ya blenda ina kaboni mbili zinazosukumwa na springi kugusa komyuteta, yaani ile shaba ya mviringo iliyogawanyika vipande vipande. Cheche ndogo za buluu ni kawaida. Moto unaozunguka komyuteta yote kama pete si kawaida. Toa kaboni uzitazame: zikibaki chini ya milimita 5 hivi, au springi ikiwa imefika mwisho wa safari yake, zimekwisha. Zibadilishwe zote mbili. Ukikosa ukubwa kamili, nunua kubwa kidogo uzipunguze kwa kuzisugua kwenye msasa, hadi ziteleze ndani ya nyumba yake bila kukwama na bila kuyumba. Komyuteta ikiwa nyeusi, izungushe kwa mkono huku umeigusisha kipande chembamba cha msasa laini wa 400 au 600, kisha ondoa vumbi kwenye mifereji kwa kijiti cha meno. Usitumie msasa wa chuma wenye punje nyeusi, chembe zake zinaweza kupitisha umeme na kuunganisha vipande visivyotakiwa kuguswa pamoja. Baada ya hapo iendeshe bila mzigo, sekunde chache chache, mpaka kaboni zichukue umbo la komyuteta.

Hapohapo kwenye komyuteta ndipo penye jibu la swali zima, kutengeneza au kuacha. Izungushe taratibu chini ya mwanga. Vipande vyote vikiwa vimefifia sawasawa, mota inaishi. Kipande kimoja au viwili vikiwa vimeungua na kuliwa kuliko wenzake, waya wa amecha, ile sehemu ya mota iliyosukwa koili na inayozunguka, umekatika au umepiga shoti. Ongeza pua: harufu kali ya vanishi iliyoungua, na koili zilizogeuka kutoka rangi ya shaba kuwa nyeusi. Ukiyaona hayo, acha. Kusuka upya amecha ndogo kama hiyo kunawezekana, lakini inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na uzito ukitofautiana kidogo tu upande mmoja mashine itatetemeka, itakula bushi zake, zile pete zinazoishika ekseli, na itarudi kwa fundi. Hatuishauri. Kinachoweza kufikiriwa ni kuweka mota nzima, endapo inapatikana yenye namba ileile iliyogongwa kwenye chuma chake, kama 7020 au 7025, na urefu uleule wa ekseli. Ekseli ikizidi milimita chache, kapulingi itasukuma jagi juu. Ikipungua, meno yatashikana kwa ncha tu na kuliwa upya.

Uvujaji chini ya jagi ndio ugonjwa unaodharauliwa, na unaweza kuua blenda. Tone la maji juu ya kikalio ni washa ya silikoni, ile pete ya kuzuia maji, iliyokakamaa. Ni kipuri kidogo. Tone jeusi lenye mafuta ni sili ya visu iliyokwisha, na girisi ya beringi inatoka, huku maji yakiingia kwenye beringi na kurudi chakulani. Hapo seti ya visu ibadilishwe yote, isioshwe na kurudishwa. Ukiacha, maji hufuata ekseli hadi bushi ya juu ya mota, kutu inaingia, na ule mlio wa kukereza unaanza. Visu visilowekwe kwenye beseni usiku kucha. Weka maji na tone la sabuni ndani ya jagi, zungusha sekunde chache, suuza, kausha likiwa limelala ubavu.

Sasa hesabu. Kanuni inayorudiwa kila mahali ni kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mpya, nunua mpya. Ni kanuni pungufu, kwa sababu haiulizi utapata miaka mingapi. Tuseme mpya ni 100 na utaitumia miaka mitano: kila mwaka unalipa 20. Kapulingi na seti ya visu vikigharimu 15 na kuongeza miaka miwili, mwaka unalipa 7.5, tengeneza bila kusita. Mota nzima ikigharimu 45 kwa blenda ambayo jagi lake limeshapasuka nyufa na swichi inasuasua, ikaongeza mwaka mmoja na nusu, mwaka unalipa 30; iko chini ya nusu, na bado ni hasara. Mota hiyohiyo kwenye blenda yenye jagi la kioo zito na visu vipya inaweza kuongeza miaka minne, na hapo inalipa.

Fundi mzuri hukupa kipuri cha zamani mkononi na kukuonyesha kilichoharibika. Anayesema mota imeungua bila kufungua skrubu hata moja, chukua blenda yako uondoke.

Ukilazimika kununua, igeuze dukani kabla ya kuiwasha. Skrubu za kawaida za msalaba ni dalili njema. Skrubu za pembetatu, au kitako kilichogundishwa, ni dalili kwamba aliyeitengeneza hakutaka ifunguliwe. Hakikisha visu vinafunguka kutoka kwenye jagi, na uulize palepale kama seti ya visu na kapulingi zinauzwa peke yake. Muuzaji akikosa jibu, hesabu kwamba hazipo. Kisha soma kibandiko cha chini. Blenda nyingi zimeandikwa KB ikifuatiwa na dakika, mfano KB 1 min. Ni kifupisho cha Kijerumani cha kazi ya muda mfupi: dakika moja mfululizo, halafu ipumzike. Watu husaga dakika nne bila kuachia, mchanganyiko ukiwa mzito na maji haba. Mzigo ukiipunguza kasi mota, feni iliyo kwenye ekseli yake nayo hupunguza upepo, wakati umeme unaovutwa unaongezeka. Joto linapanda pande zote mbili, na amecha haina pa kukimbilia.

Na ile iliyokufa kabisa usiitoe nzima. Bakiza jagi kama ni zima, mfuniko, washa, kapulingi zote mbili, kaboni kama bado ndefu, na waya wenye plagi yake. Viandikie kwa kalamu ya wino jina na namba ya toleo, kwa sababu baada ya mwaka kapulingi zote hufanana machoni.