Gi ya jiu-jitsu: ipi ununue kwanza, na utajuaje kama imekukaa

Gi yangu ya kwanza, yaani sare ya koti na suruali ya jiu-jitsu, mchezo wa kupambana kwa kushikana, ilichanika kwapani wiki ya sita. Mwenzangu alikuwa ameshika mkono wa koti, mimi nikavuta kiwiko kujinasua, na sote wawili tukausikia uzi ukikatika kuanzia kwapani mpaka karibu na kiwiko. Kitambaa kilibaki kizima kabisa. Kilichokufa ni mshono: mstari mmoja tu wa uzi, na ndani hapakuwa na kiraka chochote cha kuukinga. Muuzaji alikuwa amenisifia nembo iliyodariziwa begani, nami sikuligeuza lile koti nje ndani hata mara moja kabla ya kutoa hela.

Tangu hapo nimenunua nyingine nne na nimewasaidia wanafunzi wapya wengi wa klabu yetu hapa Dar es Salaam kuchagua za kwao. Msimamo wangu ni kwamba jina la kampuni liangaliwe mwisho. Anza na mwili wako, uende kwenye mishono, ndipo ufike kwenye kitambaa. Gi nyingi sana duniani, za majina makubwa na madogo, hushonwa Pakistan, hasa mji wa Sialkot, ule ule unaosifika kwa kushona mipira ya soka. Nembo mbili tofauti zinaweza kabisa kuwa zimetoka kwa mafundi wa mji mmoja.

Kwanza, ikukae

Hata kama huna mpango wa kushindana, tumia vipimo vya IBJJF, shirikisho linalosimamia mashindano makubwa ya mchezo huu, kwa sababu vinaeleza vizuri gi inavyotakiwa kukaa. Simama wima, nyoosha mikono mbele, sambamba na sakafu. Pindo la mkono wa koti lisiishie zaidi ya sentimita 5 kabla ya kifundo cha mkono. Suruali isiishie zaidi ya sentimita 5 juu ya jicho la mguu. Pindo la koti lifike mapajani. Mkono wa koti uwe na nafasi ya sentimita 7 ndani yake, na nafasi hiyo ipatikane mkono mzima, siyo pale mwishoni tu. Kola iwe na upana wa sentimita 5 na unene wa sentimita 1.3. Rangi ni nyeupe, buluu au nyeusi, na koti na suruali vifanane: koti jeupe juu ya suruali ya buluu halikubaliki.

Sababu ya ukali huo ni kwamba jiu-jitsu ya gi ni mchezo wa kushika nguo. Mkono ukibana sana, mpinzani hapati pa kushika, na hiyo ni dhuluma. Ukipwaya sana, unajidhulumu mwenyewe: anayecheza ule ulinzi wa buibui, wa kushika mikono ya koti lako huku akikusukuma kwa miguu kwenye misuli ya mikono yako, atakusanya kitambaa chote kwenye ngumi yake na hutatoka hapo.

Sasa sogea nayo. Chuchumaa mpaka chini kabisa. Ukihisi suruali inakubana msambani au inavuta magotini, haikufai, hata kama ukiwa umesimama ilikaa vizuri. Inua mikono juu: koti zima lisipande likaacha tumbo wazi. Funga mkanda, kisha vuta pande mbili za koti zipishane kifuani. Kila upande ufike kwenye nyonga ya upande wa pili bila kulazimisha. Zikikutana katikati tu, mkanda utafunguka kila baada ya dakika tano, na utatumia nusu ya mazoezi kujifunga upya.

Saizi za watu wazima huandikwa A0, A1, A2 na kuendelea. Kwa kukadiria, mtu wa sentimita 170 hadi 180 mwenye kilo 70 hadi 85 huangukia A2, lakini A2 ya kampuni moja inaweza kuwa A1 ya nyingine, kwa hiyo soma jedwali la kampuni husika na upime kwa futi ya fundi. Ukiwa mrefu na mwembamba, tafuta zenye herufi L baada ya namba. Mwenye kifua na tumbo pana atafute zenye H. Dada zetu wana saizi zao za F, ambazo nyonga ni pana na mabega ni membamba. Mwanamke anayevaa A kwa sababu duka halina F huishia na mabega yanayoning'inia, na nimeona wengi wakidhani shida ni miili yao. Shida ni koti.

Pamba hurudi

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Lebo ikisema kitambaa kimekwisha kurudi, yaani kusinyaa, huko huko kiwandani, bado kitapungua kidogo kwenye maji mara mbili tatu za mwanzo. Gi inayokukaa sawasawa kabisa dukani, bila hata sentimita moja ya ziada mikononi, itakuwa fupi mwezi ujao. Nunua yenye ziada ya sentimita 2 au 3 mikononi na miguuni. Fua kwa maji baridi, anika kivulini penye upepo ukiwa umeigeuza nje ndani. Maji ya moto na mashine ya kukaushia ndivyo vinavyoifupisha. Jiki usiiguse: inang'arisha leo na kuzidhoofisha nyuzi mpaka zikatike.

Mbinu ninayoitumia ni hii. Kabla ya kufua mara ya kwanza, tandaza koti mezani, pima kutoka ncha ya mkono mmoja hadi wa pili, andika kwenye simu. Pima tena baada ya kufua mara tatu. Gi yangu ya buluu ilipungua sentimita 4 kwa njia hiyo, na kwa sababu niliandika, ya pili ya kampuni ile ile niliagiza saizi sahihi bila kubahatisha.

Igeuze nje ndani

Angalia sehemu nne: kwapani, kwenye mipasuo ya pembeni ya koti, magotini na msambani. Kwapani unatafuta kiraka cha kitambaa cha ziada na mistari mitatu ya uzi au zaidi. Mwishoni mwa mipasuo pawe na vishono vilivyobanana kama kamba ndogo, kwa sababu hapo ndipo panapoanza kupasuka. Magoti yawe na kitambaa maradufu kinachoteremka mpaka chini ya goti. Kikiishia juu ya goti ni mapambo. Msamba uwe na kiraka chenye umbo la almasi, wala isiwe mishono minne iliyokutana katikati. Kisha shika kitambaa pande mbili za mshono, vuta kwa nguvu zako zote. Ukiona mwanga kati ya nyuzi, rudisha.

Kwa gi ya buluu au nyeusi, lowesha leso nyeupe na kuisugua kwenye kola. Ikitoka na rangi, wenzako nao watatoka na rangi.

Nizipange sasa

Namba moja, kwa mtu anayeanza na anayeishi mahali pa joto, ni ile ambayo lebo yake imeandikwa *pearl weave*, msuko wa lulu, kwa sababu upande wa nje umejaa vipunje vidogo kama chembe za mtama. Tafuta yenye gramu 350 hadi 450 kwa mita ya mraba. Ni nyepesi, haitanuki ovyo, na msuko wake umebana kiasi cha kustahimili miaka kadhaa ya kuvutwa. Suruali ya pamba ya aunsi 10 inatosha. Ughaibuni gi ya namna hii, ya daraja la kawaida, huuzwa takriban dola 80 hadi 100 kabla ya usafiri. Zipo zinazopita dola 200, na ukizigeuza nje ndani, mishono mara nyingi ni ile ile.

Namba mbili ni *single weave*, msuko mmoja. Bei nafuu zaidi, hukauka upesi, lakini msuko wake ni wa wazi na koti hutanuka begani. Kama bajeti ni ndogo, ichukue bila aibu, mradi kwapa limeshonwa vizuri.

Namba tatu ni gi ya judo. Ni imara mno, na kama umepewa au umeikuta kwenye mitumba, itakufaa mazoezini. Mikono yake ni mipana na koti lake ni refu, hivyo utamzawadia mpinzani kitambaa kingi. Ya mitumba iinue uiangalie dhidi ya jua: pale magotini na nyuma ya shingo mwanga ukipenya kama kwenye chandarua, iache.

Namba nne ni nzito za gramu 550 na kuendelea, zenye *double weave* au *gold weave*. Siyo mbaya hata kidogo, na kule kwenye baridi ningezipandisha. Lakini hapa pwani, wakati wa masika, koti kama hilo linaweza kukaa kwenye kamba siku mbili na bado kola ikawa na unyevu na harufu. Kola hiyo nayo ichunguze: yenye sponji ya plastiki ndani hukauka haraka, yenye kitambaa kilichokunjwa hunywa maji.

Ya karate sikuipanga. Kitambaa chake chembamba hakikutengenezwa kuvutwa, na itachanika ndani ya wiki chache.

Ukiwa na ndugu wa kukununulia Abu Dhabi, ambako jiu-jitsu hufundishwa mashuleni, mtumie vipimo vyako kwa sentimita, usimtumie saizi peke yake.

Na ukishafua mara tatu, mikono ikiwa bado mirefu, mpelekee fundi. Kupunguza kunawezekana, kuongeza hakuwezekani. Mwambie aweke sindano ya jinzi na uzi mnene, apinde mara mbili, apitishe mistari minne kama ilivyokuwa. Fundi wangu alivunja sindano mbili za kawaida kwenye pindo la kwanza kabla ya kwenda kununua ya jinzi, na mkono ule hadi leo haujafumuka hata uzi mmoja.