Kapu la mboga la kila wiki: lipia, ila uliza kwanza mkulima ni nani

Watu wanauliza sana kuhusu hii huduma ya kulipia kapu la mboga, lile unaletewa kila wiki kutoka shamba, kwamba ina maana kweli au ni mbwembwe za wenye hela ya kuchezea. Mi nimeshakuwa mteja wa zaidi ya mtoa huduma mmoja, majina sitaji, na jibu langu ni kwamba inategemea kitu ambacho kwenye matangazo yao hukikuti kabisa, nacho ni nani anabeba hasara mvua ikigoma. Ntafika huko, ngoja kwanza tuongelee chakula chenyewe maana ndo wengi wanachotaka kusikia.

Ladha sina ubishi nayo, kapu linashinda na linashinda mbali. Chukua yale mahindi matamu ya kuchemsha, yakishavunjwa tu sukari yake inaanza kugeuka wanga, na kukiwa na joto inageuka haraka mno, kwa hiyo yaliyovunjwa asubuhi ukayala jioni na yaliyokaa siku nne kwenye rafu ni vitu viwili tofauti hata kama ni ya shamba moja. Nyanya ndo usiseme. Zile za masafa marefu zinachumwa zikiwa bado ngumu ili zisipondeke njiani, afu zinakaa kwenye ubaridi, na nyanya ikikaa chini ya kama nyuzi 12 hivi vile vinavyoipa harufu yake vinapungua, ndo maana unakata kitu chekundu kinapendeza machoni na mdomoni ni maji matupu. Zangu za kapuni zilikuja na nyufa karibu na kikonyo, nyingine imebonyea ubavuni, na hakuna hata moja iliyomaliza siku mbili jikoni maana kila anayepita anachukua.

Ila msidanganyike na neno freshi. Mboga za majani zinaanza kupoteza vitamini C tangu zinakatwa, zikikaa kwenye joto ndo zaidi, kwa hiyo spinachi iliyokatwa Jumatatu ikakusubiri kwenye boksi hadi Ijumaa sio freshi hata ikitoka shamba la jirani, na njegere zilizogandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa zinaweza kabisa kuizidi. Watu wa makapu hawapendi kuambiwa hili. Swali la kuwauliza sio shamba liko wapi, ni mboga imekatwa lini. Mtoa huduma mmoja anaandika siku ya kuvuna kwenye karatasi ndogo juu ya kila fungu, kitu cha dakika moja tu, mwingine nilipomuuliza akanitumia picha ya machweo shambani.

Na ufungaji wao jamani. Matofaa au nyanya zilizoiva zikifungiwa mfuko mmoja na mboga za majani, ile gesi ya etilini inayotoka kwenye tunda inafanya majani yawe ya njano kabla hujayagusa, mtu anayeishi kwa kuuza mboga anapaswa kulijua hilo kuliko mimi. Karoti zikija na majani yake zinapendeza kwenye picha lakini majani yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye karoti yenyewe, yakate siku hiyohiyo. Viazi kuja na udongo sio uchafu, vinakaa muda mrefu zaidi kuliko vilivyooshwa, kwa hiyo wale wanaotoa nyota moja kisa udongo wanawaonea tu.

Sasa tuje kwenye hii habari ya slow food, yaani chakula cha polepole, maana karibu kila mwenye kapu siku hizi anaibandika kwenye tangazo lake, wengine hadi konokono wanamchora, ile nembo ya hizo harakati. Harakati zenyewe zilianza Italia mwaka 1986, McDonald's wanafungua karibu na Piazza di Spagna pale Roma, Carlo Petrini, mwanzilishi wake, na wenzake wakapinga, na mwaka 1989 wajumbe kutoka nchi mbalimbali wakasaini ilani yao Paris. Mwaka 2022 aliyechaguliwa kuwa rais wa Slow Food ni Mganda, Edward Mukiibi, mtaalamu wa kilimo. Wengi wanadhani polepole maana yake ni kupika nyama masaa sita na kukaa mezani mkipiga stori hadi usiku, sio mbaya, lakini hoja yao ni kwamba chakula kiwe kizuri, kisafi na cha haki, kizuri mdomoni, kisafi kwa ardhi na maji, cha haki kwa aliyekilima. Na Petrini ana msemo wake kwamba mlaji sio mteja tu, ni mzalishaji mwenza. Watoa huduma wanalishika lile la kwanza, la pili wanalisema nusunusu, la tatu wanaliruka kabisa, na mi naona kapu lote thamani yake iko hapo kwenye la tatu.

Sababu ni kwamba kapu lilivyoanza halikuwa delivari. Japan miaka ya 1970 walikuwepo walaji, wengi wao akina mama wenye wasiwasi na dawa za mashambani, wakaingia makubaliano ya moja kwa moja na wakulima, mpango unaitwa teikei. Marekani ukaingia mtindo wa aina hiyo mwaka 1986 kwenye mashamba mawili, moja Massachusetts na lingine New Hampshire, Ufaransa nao wakaanza wa kwao 2001. Kwa kawaida kanuni ni hii, walaji wanalipa mwanzo wa msimu, mkulima anapata hela ya mbegu na vibarua wakati ule ule ambao mfuko wake uko mtupu, hakopi kwa riba, na mavuno yanagawanywa. Msimu mzuri kapu linafurika, msimu mbaya linakuja nusu na hakuna anayerudishiwa hela, maana ulinunua fungu la mavuno, hukununua kilo.

Kwa kipimo hicho ukiwaangalia hawa wa sasa wanagawanyika haraka sana. Yule wa kwanza wangu ana apu safi, unachagua, unalipia, unafuatilia dereva kwenye ramani, huduma kwa wateja wanajibu chapchap. Kikaja kiangazi kikali, kila mtu analia mboga hakuna, kapu langu likaja limejaa vilevile kama kawaida, tena na bilinganya ambazo zote zina saizi moja na ung'avu mmoja. Nikauliza zimetoka kwa nani, nikajibiwa "wakulima wetu washirika", nikauliza jina la hata mmoja, kimya. Sisemi wananunua soko la jumla, nasema tu kwamba mtu anayenunua soko la jumla angejibu hivyohivyo. Hana mkulima aliyemlipa kabla, akikosa hapa anachukua pale, na mkulima akipata hasara ni yake mwenyewe. Huyo ni duka la mboga lenye boksi zuri, na kama unachotaka ni duka la mboga linalokuja mlangoni basi mpe nyota zake, anastahili, ila asiniletee habari za konokono.

Wa pili apu hana, oda ni kwa meseji, anachelewa kujibu kwa sababu yuko shambani, na chaguo huna, unakula kilichopo. Mvua kubwa ilipopiga bustani yake alituandikia wote mapema, akaeleza nini kimelala na nini kimepona, kapu likaja na viazi, vitunguu, boga na majani kidogo sana. Nilikasirika kidogo, kwa kweli, hela ni ileile. Lakini ndo mkataba ulivyo, na msimu ulipotulia alileta vitu hadi nikawa nagawia majirani. Kwake pia ndo nimekula aina za maharage na maboga ambazo supamaketi hawaziweki kwa sababu hazifanani, moja ina makovu, nyingine imepinda. Hii sio urembo, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema kati ya mimea kama 6,000 iliyowahi kulimwa kwa chakula, 9 tu ndo inatoa asilimia 66 ya mazao yote duniani, sasa mkulima atabaki na mbegu ya ajabu kama kuna mtu amelipia kabla ya kupandwa.

Kwenye mazingira hapa naomba watoa huduma wapunguze kelele. Kila tangazo ni kilometa, kilometa, kilometa. Utafiti mkubwa wa wanasayansi wawili, Poore na Nemecek, uliotoka 2018 ulionyesha kwamba kwa vyakula vingi usafiri ni sehemu ndogo ya hewa chafu yote, kubwa inatoka shambani kwenyewe, ng'ombe wa nyama akiwa juu kabisa. Ukiacha vinavyosafirishwa kwa ndege, nyanya ya jirani iliyokuzwa kwenye nyumba ya vioo inayopashwa moto kwa gesi inaweza kuchafua kuliko iliyotoka mbali ikiwa imelimwa kwenye jua. Kwa hiyo kapu lenye mboga za msimu na kunde kibao lina maana, kapu lilelile likiongezwa nyama kila wiki halafu likajisifia kutunza dunia, hapana. Stika ya oganiki nayo ina mambo yake. Kuipata kunataka muda, Ulaya kwa mfano shamba la mazao ya msimu linapita kipindi cha mpito cha miaka miwili, na gharama za ukaguzi zinamlemea mdogo, ndo maana kuna makundi ambayo wakulima na walaji wanakaguana wenyewe. Asiye na stika simhukumu. Namuuliza unapulizia nini na lini, na anayejibu bila kuzungukazunguka huwa anajulikana ndani ya sentensi mbili.

Ubaya mkubwa wa huduma hii, na sijaona mtangazaji hata mmoja anausema, ni vinavyoozea kwako. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walisema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula na asilimia 60 ilitoka majumbani, sio mahotelini wala madukani. Kapu la familia kwa mtu anayeishi peke yake ni njia ya kulipa ghali kujaza pipa la taka. Anza na nusu kapu, uliza kama unaweza kusimamisha wiki ukisafiri, uliza kama wanabadilisha kitu usichokula, wa pili wangu anaruhusu kubadilisha kimoja tu na mi naona inatosha. Siku kapu linafika ndo siku ya kupika majani, mizizi isubiri, ukifanya kinyume kila wiki utatupa majani yale yale.

Bei iko juu ya sokoni, msidanganywe kwamba ni sawasawa, na kulipa msimu mzima kwa mkupuo sio kila mtu anaweza, wenye utu wanaruhusu kulipa kwa awamu au kufanya kazi shambani siku kadhaa kufidia. Kama unapika mara moja kwa wiki, au una watoto ambao wakiona kitu cha kijani wanagoma, au hupendi kupangiwa menyu, nenda sokoni ukachague kwa mkono wako na ujenge urafiki na muuzaji mmoja anayelima mwenyewe, utapata karibu kila kitu nilichokisifia hapa isipokuwa mboga za kugawia majirani.

Nyota: wa apu 3, wa meseji 4, ile moja nimemkata kwa sababu ya mfuko mmoja wa matofaa na majani ambao nimeshamwambia na bado anafunga vilevile.