Mifereji ya paa, mvua ya kwanza, na muuzaji aliyetaka nikate mjakaranda wangu

Wakazi wa Lubumbashi wanaotaka kuwekewa mifereji ya paa kabla mvua hazijakolea wawe waangalifu na duka moja kubwa la vifaa vya ujenzi la hapa mjini, ambalo jina lake nitalisitiri. Mifereji yenyewe wanaweza kuinunua bila wasiwasi, kwa kuwa ni imara na yetu haijapasuka popote. Kazi ya kufungiwa wasiilipie. Ninatenganisha mambo haya mawili kwa kujilazimisha, maana hasira niliyo nayo inanituma niyatie yote katika kapu moja.

Nyumba yetu imejengwa kwa matofali ya kuchoma ya udongo wa kichuguu, kama zilivyo nyumba nyingi za hapa. Tofali la namna hiyo huvumilia jua la Oktoba na baridi ya Juni, lakini halivumilii maji yanayochimba chini yake msimu mzima. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa huwa lita moja ya maji. Kwa hiyo mvua ya milimita 20, ambayo kati ya Novemba na Machi haimshangazi mtu yeyote katika mji huu, huteremsha lita 1,200 kutoka paa la mita 60 za mraba. Kila mwaka tulikuwa tukirudisha udongo na kokoto chini ya ukuta wa baraza, na kila mwaka mvua ilizichukua. Ndiyo maana tulikubali kulipa taslimu, kwa dola, kabla ya kazi kuanza, kama muuzaji alivyotaka.

Vijana waliotumwa na duka walifika mwishoni mwa kiangazi, wakati ambapo mbingu ya Katanga haina hata wingu na hakuna anayeweza kujua kama mfereji unavuja. Walikuwa na adabu, walifanya kazi haraka, na waliondoka kabla jua halijazama. Niliwauliza kama hawangemwaga maji kidogo ili tuone yanakwendaje, wakanijibu kwamba mvua yenyewe ingeonyesha. Mume wangu akapaka ukuta wa baraza rangi nyeupe, mimi nikapalilia bustani iliyo chini yake, na kwa majuma kadhaa nilikuwa nikiwaonyesha majirani mfereji ule kwa fahari.

Ni lazima niseme jambo kuhusu bustani hiyo, kwa sababu ndiyo iliyotukanwa. Huku kwetu majira ya maua hayangoji mvua. Ardhi ikiwa bado kavu na vumbi jekundu likiwa bado limetanda, miti ya miombo nje ya mji huchipua majani mapya mekundu, amarilisi hutoboa udongo mgumu na kufungua maua yake makubwa, na mijakaranda hujivika zambarau kabla majani yake hayajarudi. Asili ya mti huo ni Amerika ya Kusini, lakini mtu aliyekulia katika mji huu hawezi kuiwaza Oktoba bila zulia la maua yake kando ya barabara. Mjakaranda wetu ulikuwepo kabla hatujanunua kiwanja, na tulijenga kwa kuukwepa. Amarilisi zilizo karibu nao mama mkwe wangu alinigawia kutoka bustani yake ya Likasi.

Mvua kubwa ya kwanza ilitukuta nyumbani siku ya mapumziko, tukiwa tumepanga kumalizia kazi ndogondogo: bawaba za mlango wa jiko na rangi ya fremu za madirisha. Kwa dakika chache tulisimama barazani kwa furaha, tukisikiliza mabati. Kisha maungio ya katikati ya mfereji yakaachana. Maji ya upande mzima wa paa, ambayo zamani yalitawanyika kwa urefu wa ukuta, sasa yalikusanywa na kumwagwa mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa juu ya amarilisi. Mfereji uliofungwa vibaya hudhuru kuliko kukosa mfereji kabisa. Mabua yalivunjika, vitunguu vya maua vikafukuliwa, na tope jekundu likaruka hadi nusu ya ukuta mweupe. Fremu zikasahauliwa. Mume wangu na wanangu walichimba mtaro kwa jembe huku mvua ikiwapiga migongoni, nami nikaokota vitunguu kimoja kimoja na kuvitia katika beseni.

Hadi hapo sikuwa nimemkasirikia mtu, kwa kuwa kazi ya mikono huweza kuharibika na ikatengenezwa. Nilikwenda dukani na risiti, pamoja na picha nilizopiga kwa simu. Muuzaji aliyepokea pesa zetu alikuwa amekaa palepale. Nilimwita papa, kama tunavyowaita hapa wanaume wa umri wake, na sikumpandishia sauti. Hakutaka kuona picha, wala hakuuliza maungio yameachana upande gani. Aliuliza tu kama kuna mti karibu na paa, nikamjibu kwamba upo mjakaranda, nao umechanua. Akasema mbele ya wateja wote, akiuita mfereji wa paa “gutiere” kwa Kifaransa:

“Basi ni huo. Maua yameziba gutiere. Mama, kata huo mti, maua hayaliwi.”

Kisha akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku ile. Rangi ya ukuta nayo hailiwi, wala vigae vya sakafu, wala vitasa vinavyong’aa anavyoviuza yeye mwenyewe, na bado watu huvilipia kwa jasho lao, kwa sababu mtu akishapata pa kulala hutaka pia papendeze. Muuzaji anayekula kutokana na hamu hiyo hana haki ya kumdhihaki mteja kwa kuwa nayo. Mimi sikatai kwamba maua ya jakaranda huziba mifereji. Huziba sana, ndiyo maana tulikuwa tukipanda ngazi kuyaondoa tangu yalipoanza kuanguka. Lakini fundi anayejua kazi yake akiona mti juu ya paa huweka wavu kwenye mdomo wa bomba siku ileile, wala hamlazimishi mwenye nyumba achague kati ya ukuta na mti. Na kuamuru mti ukatwe bila kuuona, bila hata kutazama picha, ni ukatili ambao sijui niuite nini kingine.

Hapa ndipo hukumu yangu inapoyumba. Siku chache baadaye alibisha hodi mzee mmoja, fundi wa duka lilelile, aliyekuwa ameyasikia maneno yetu akiwa ghalani. Hakuwa ametumwa na mtu. Alipanda ngazi, akapitisha mkono ndani ya mfereji wote, akashuka na tope kidogo viganjani bila ua hata moja. Akavuta uzi kutoka pembe hadi pembe, akaweka pima maji, na kutuonyesha kwamba vijana walikuwa wameuinamisha mfereji kuelekea upande usio na bomba. Vishikizo vilikuwa vimeachana karibu mita moja badala ya nusu mita au kuzidi kidogo, hivyo maji yalipojaa ukabonyea katikati. Tena ncha zote mbili zilikuwa zimebanwa ukutani bila nafasi. Plastiki hurefuka kwa joto, alitueleza: mfereji wa mita 10, ukitoka katika ubaridi wa alfajiri na kupanda nyuzi 30 chini ya jua la mchana, huongezeka kama sentimita 2, na usipopata pa kwenda husukuma maungio mpaka gundi iachie. Alifungua vyote, akasubiri pakauke kwa kuwa gundi haishiki penye unyevu, akafunga upya kwa mteremko wa milimita 5 kwa kila mita, akatia wavu, kisha akaomba ndoo ya maji na kuimwaga yeye mwenyewe upande wa juu. Maji yote yalitokea chini ya bomba. Alipoona beseni langu alisema, “Mama, virudishe udongoni, shingo zibaki nje. Vitachanua tena.”

Kwa ajili ya mzee huyo nilikuwa tayari kulisifu duka zima. Mvua zilizofuata zimepita na ukuta ni mkavu. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika maneno mazuri, tena mengi, nilipopita pale kununua rangi ya kufunika tope na kuwaeleza kwamba fundi wao amefanya kazi ya kupigiwa mfano, ili sifa yake imfikie. Yule muuzaji akaniuliza, “Na ule mti umeshaukata?” Nikarudisha kopo la rangi juu ya meza na kutoka. Rangi nimeinunua kwingine kwa bei ya juu zaidi, na sijuti.

Anayelazimika kwenda huko amdai fundi mzee, akatae vijana kuja peke yao, na nusu ya pesa ibaki mfukoni mwake mpaka ndoo imwagwe. Mimi sirudi, isipokuwa siku nitakayosikia kwamba mzee yule ndiye anayepokea wateja.