CAD bila dirisha au CAD kamili kwa oda zinazojiendesha zenyewe, uzoefu wangu

Karakana yetu tunakata pleti kwa plasma, flanji, besi pleti za nguzo, braketi za matenki, na oda nyingi zinafanana kasoro vipimo tu. Mteja anataja kipenyo, unene, matundu mangapi na bolti saizi gani. Sasa hamna sababu mtu akae achore flanji upya kila siku, skripti, yaani programu fupi ya maagizo, inasoma oda inatoa DXF (mchoro wa mistari) ya mashine, STEP (umbo la 3D) ya mteja na PDF ya fundi. Swali ni moja tu, hiyo skripti iendeshe CAD kamili, yaani programu ya kuchora kwa kompyuta yenye madirisha na vitufe vyake, au ile inayokimbia kimya kwenye seva bila kufungua chochote. Nimeshafanya kazi na zote mbili.

Tulianza na CAD kamili ya kulipia, Windows, kompyuta moja ya ofisini. Mchana haina neno maana kuna mtu karibu. Usiku ndo balaa. Mchoro wa mteja umekuja na fonti ambayo kompyuta haina, kinatokea kidirisha kinauliza uweke fonti gani badala yake, na wa kujibu hayupo, yaani asubuhi unakikuta palepale kinasubiri, foleni yote nyuma yake imelala na mafundi wameshavaa glavu wanaulizia faili. Umeme ukikatika ukarudi hivyo hivyo, programu inawaka na kitu cha kwanza inauliza kama unataka kurejesha faili la jana. Programu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele ya skrini, na kwa mtu huyo ni nzuri sana.

FreeCAD, CAD ya leseni huru, unapoisakinisha inakuja na FreeCADCmd, hiyo ndo isiyo na dirisha. Unaipa faili la Python inafanya kazi. Chukua flanji ya DN80 PN16 (saizi ya bomba na daraja la shinikizo), kipenyo 200 mm, matundu 8 ya 18 mm kwenye duara la 160 mm: skripti inatengeneza silinda, inatoboa tundu la kati, inazungusha matundu kila nyuzi 45, inakata, imeisha. Hapo naiambia ikague kama umbo ni halali alafu ipige hesabu ya uzito, pleti ya 10 mm yenye tundu la kati la 90 inatakiwa kuja kama kilo 1.8, ikija kilo 2.3 ujue tundu la kati halijakatwa na oda inatolewa pembeni kabla haijagusa pleti ya mtu. Huu ukaguzi usiuache kabisa, maana bila dirisha hamna jicho la mtu linaloona kitu kimekaa vibaya. Na usichague uso wa umbo kwa jina kama Face6, majina yanaweza kuhama ukibadilisha kipimo, toleo la 1.0 la Novemba 2024 limepunguza sana hilo tatizo ila mi bado nachagua kwa mahali uso ulipo.

Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi inavyoshindwa. Kila oda naifunga na amri ya timeout ya Linux, muda ukipita inauawa na inarudi namba 124, skripti inaandika oda gani imekwama na inayofuata inaingia. Hakuna kidirisha. Leseni ni huru kwa hiyo unaweza kukimbiza kadhaa kwa pamoja, na seva ndogo tu inatosha.

Ila PDF, hapo jasho litakutoka. Kutoa ukurasa wa TechDraw, sehemu ya FreeCAD ya kuandaa michoro ya kuchapisha, kuwa PDF kazi iko upande wa dirisha, kwenye TechDrawGui, na bila dirisha FreeCAD.GuiUp inarudisha 0, upande huo haupo. Rangi na kuonekana kwa vitu navyo vinakaa kwenye GuiDocument.xml ndani ya faili la FCStd, yaani faili la FreeCAD lenyewe, kwa hiyo faili lililotengenezwa kimya ukilifungua baadaye unakuta vitu vyote vimefichwa, mteja atapiga simu kusema umemtumia faili tupu. Ndo maana wateja nawapa STEP. PDF naitoa kwa FreeCAD kamili kwenye seva hiyo hiyo kupitia xvfb-run, inayoipa skrini ya uongo, nayo ndani ya timeout, na inaenda mwisho kabisa ili ikikwama DXF iwe imeshafika kwenye mashine.

Kama ofisi yenu ni ya DWG, faili za michoro za AutoCAD, na AutoCAD mnayo tayari, angalieni accoreconsole, AutoCAD isiyo na dirisha, ipo kwenye folda la AutoCAD tangu toleo la 2013. Unaipa mchoro kwa /i na skripti kwa /s. Tumia amri zenye kistari mbele kama -PLOT, zile zinazouliza kwa maandishi. Makro za LISP zenye amri za vla- hazitafanya kazi humo, na programu-jalizi (dll) ya .NET inayoitegemea AcMgd, maktaba ya upande wa dirisha, nayo haitapita, kwa hiyo mwenye makro za zamani ahesabu muda wa kuziandika upya kabla hajaahidi kitu kwa bosi.

DWG za wateja zilizochorwa kwa mkono, zenye mistari isiyofunga na vipimo vilivyoandikwa juu ya vipimo, hizo sijazipeleka kwenye foleni. Zinasubiri asubuhi, mchoraji anazifungua kwenye CAD kamili anaziangalia moja moja.