Mashine ya Kukausha Hewa Chini ya Sakafu: Msiziamini Lita za Kwenye Boksi

Haya, karibuni. Leo mezani kuna mashine ya kukausha hewa, hii ya kompresa, na tunaipima kwa kazi moja tu: maji yameingia kwenye ule uwazi wa chini ya sakafu, ule wa kuingia kwa kutambaa, na hutaki ukungu. Wenyewe hauchelewi. Mbao zikilowa saa 24 hadi 48, tayari unaanza kuota.

Tazameni ubavuni mwa boksi. Lita 20 kwa siku! Sasa someni chini yake, maandishi ya kutafutia miwani: nyuzi joto 30, unyevu asilimia 80. Yaani lita hizo zilipatikana kwenye hewa ya joto iliyojaa mvuke. Chini ya sakafu mara nyingi kuna ubaridi, na hewa baridi hubeba mvuke kidogo, kwa hiyo kwenye nyuzi 15 msishangae mkipata chini ya nusu. Baridi ikizidi hapo, koili, yaani yale mabomba ya baridi yanayonasa mvuke, zinashika barafu. Mashine inanguruma weee, tone halitoki. Ndiyo maana mashine ya kompresa siinunui kama haijiyeyushi barafu yenyewe. Penye baridi kweli kweli, bora ile yenye gurudumu la kufyonza unyevu. Inakula umeme zaidi, ila baridi haiisumbui.

Ndoo yake ya ndani? Isahauni. Ikijaa mashine inajizima, na nani atatambaa matopeni usiku kwenda kuimwaga? Tafuteni yenye tundu la kuunganisha mpira, maji yateremke yenyewe hadi nje. Kama pa kumwagia pako juu, basi lazima iwe na pampu ndani yake.

Lakini jamani, mashine hii haivuti madimbwi. Kwanza zima umeme, na kama swichi kuu haifikiki bila kukanyaga maji, mwite fundi umeme. Halafu pampu ya kuzamisha itoe maji. Pampu ya petroli au jenereta ikae nje kabisa, mbali na milango na madirisha: moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu na inaua. Sufi ya kuzuia joto iliyolowa itolewe, msihangaike kuikausha. Kisha tandaza nailoni nene juu ya udongo, isipungue milimita 0.15, kingo zipandane vizuri, maana udongo utaendelea kupumua mvuke hata madimbwi yakiisha.

Matundu ya hewa ndiyo huleta ubishi. Hewa ya nje ikiwa kavu, fungua, weka feni, okoa umeme. Ikiwa ya joto na nzito, ikiingia huko chini inapoa na kuacha umande juu ya boriti. Hapo ziba, ndipo uwashe mashine. Ukiiwasha matundu yakiwa wazi, unakausha dunia nzima.

Iweke kwenye unyevu wa asilimia 50. Kipimo kilichomo ndani ya mashine mimi sikitegemei, kinasoma hewa ya pale ilipo tu; nunua kipimo kingine kidogo cha pembeni, kining'inie kona ya mbali. Na boriti zipimwe kwa kile kipima unyevu cha pini mbili: zikiwa bado zinasoma juu ya asilimia 20, mashine iendelee, hata kama sakafu ya juu inaonekana kavu.